Simu Saba za Daktari wa Usingizi

Foleni ya mapokezi hospitalini ilikuwa imefika mlangoni. Fundi cherehani mmoja, gauni la njano limemkaa sawasawa, mkono wa kulia uliovunjika ukining'inia kwenye kitambaa shingoni, aligeuka ghafla akammwagia chai kijana mrefu mwenye vishimo mashavuni.

“Jamani! Samahani, kaka'ngu!”

“Usijali, dada. Shati lenyewe lilikuwa linasubiri kufuliwa.”

Baadaye, amelala chumba cha upasuaji, nani anamsimamia kichwani? Yule yule!

“Mimi ndiye daktari wa usingizi. Ila wewe hulali, nitautia ganzi mkono tu.”

“Unalipiza chai yako!”

Alicheka, akamchoma sindano juu ya mtulinga, karibu na shingo. Mkono ukapata joto, ukawa mzito, mwisho ukawa kama wa jirani. Nyuma ya pazia mpasuaji aliunga mfupa. Huku daktari hakunyamaza. Alimwita mrembo, akamwambia kicheko chake kinatibu kuliko dawa. Moyo haukupigwa ganzi, ukaenda mbio.

“Saa kumi umeze vidonge hivi, kabla ganzi haijaisha,” alisisitiza. “Usisubiri maumivu. Nitakupigia.”

Akisukumwa kutoka, fundi alimsikia akimlaki mgonjwa aliyefuata, bibi wa miaka themanini: “Karibu, mrembo! Kicheko chako kinatibu kuliko dawa!”

Lo! Kumbe kila mgonjwa anaimbiwa hivyo hivyo! Akarudi nyumbani amenuna. Simu ikaita mara sita, hakupokea.

“Mwanangu, si upokee?” mama yake aliuliza.

“Yuko kazini huyo, mama. Anawapigia wote.”

Kwa hasira, hata vidonge akavisahau.

Jioni ganzi ikaondoka bila kuaga. Maumivu yakamtoa machozi. Simu ilipoita tena, mama alipokea.

“Mpe vidonge sasa hivi, mama. Mkono uwekwe juu ya mto. Kisha nipe niongee naye.”

Daktari hakukata simu. Alimwongoza kupumua taratibu, akamtania, mpaka dawa ikaanza kushika.

“Na yule bibi umempigia?” fundi aliuliza, bado ana kinyongo.

“Mara moja. Utaratibu wetu ni simu moja kwa kila mgonjwa.”

“Mbona mimi saba?”

“Moja ya hospitali. Sita zangu.” Akashusha sauti. “Mtu anayepasuliwa akiwa macho lazima nimchekeshe. Lakini wewe nilikuwa nasema kweli. Nyuzi zikitolewa, hutakuwa mgonjwa wangu tena. Nitakuja niseme yaliyobaki.”

Nyuzi zilipotolewa, daktari alifika dukani kwa fundi na shati lile lile.

“Doa limegoma. Nishonee jingine.”

“Mkono haujapona. Labda miezi mitatu.”

“Nitasubiri. Ukimaliza langu, shona na gauni lako. Jeupe.”

Fundi aliona aibu, akainama kuficha tabasamu.

“Na bibi umemwambia hivyo?”

“Thubutu! Ana mume, tena mkali!”

Fundi akaangua kicheko. Kwa mkono wa kushoto akachukua utepe wa kupimia, akamzungushia shingoni.

“Haya, mpenzi, simama wima nikupime.”