Sahani ya Bibi Mwanahija

Siku gundi iliponukia marashi, Eliaichi alidhani pua yake ndiyo mbovu. Gundi ile ni ya ngozi ya ng'ombe, na ikipata joto hunuka zizi. Ilikuwa ya uchoraji wa Kijapani aliousomea chuoni Columbus: unga wa mawe, gundi ya ngozi, karatasi ya magome ya mforosadi, na kidole, maana unga na gundi havichanganywi kwa kijiko, vinasuguliwa kwa kidole mpaka viwe kitu kimoja. Akanusa tena. Marashi, tena yale ya msibani. Akafungua dirisha, akaendelea na kazi.

Hapo ni Okolona, kusini mwa Louisville, mwaka 2015, kwenye gereji ambayo mumewe Laurent, mfanyakazi wa ghala la vifurushi, alikuwa amemwachia kwa shingo upande. Picha ilikuwa ya kwenda kwenye maonyesho Buffalo. Haikuwa na mtu wala mti, ilikuwa buluu juu ya buluu na dhahabu kidogo kwa chini. Alitaka kuchora ule ukimya wa chumba cha bibi yake, Bibi Mwanahija wa Pangani, aliyekuwa akiwaandikia kombe watu wenye majini: aya kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa kwa marashi, mgonjwa anakunywa. Na gundi yake Eliaichi aliipasha kwenye sahani hiyohiyo.

Tusimlaumu sana. Mama yake alipomkabidhi sahani kwenye matanga ya bibi alimwambia neno moja tu: usiitie moto. Yeye akadhani mama anaogopa itapasuka. Sahani yenyewe ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu. Bati litapasuka wapi? Akacheka moyoni, akaiweka jikoni.

Haikupita wiki mbili, kila akiweka brashi chini aliisikia brashi ikiendelea, swaa, swaa, kwenye karatasi ambayo hakuna aliyeigusa. Akaimaliza picha harakaharaka, akaipeleka Buffalo, na sahani akaitupa kwenye pipa la taka. Gari la taka likaizoa, naye akashusha pumzi.

Sasa binti yao Clementina, miaka sita, alikuwa kama watoto wengi wa huku ughaibuni: unamsemesha Kiswahili, anakujibu Kiingereza. Laurent alishabembeleza, alishagomba, akakata tamaa. Basi asubuhi moja Eliaichi anamsuka nywele kabla ya basi la shule, mtoto akasema taratibu, kwa Kiswahili cha Pangani kisicho na kwikwi, "Eliaichi, mbona umenigandisha? Sipati kugeuka."

Kitana kikamponyoka mkononi. Laurent akatokea jikoni anatabasamu.

"Umesikia Kiswahili hicho?"

"Laurent, ameniita jina langu."

Tabasamu likamwisha. Wakamtazama mtoto, naye mtoto akawatazama, hakupepesa jicho.

Eliaichi akampigia mama yake simu Pangani, akanong'ona yote, amejifungia bafuni.

"Uliitia moto?" mama akauliza.

"Niliipasha kidogo tu, mama."

"Bibi yako hakuwaua wale majini, mwanangu. Aliwalaza. Wakitoka kwa mtu wanalala kwenye sahani, na moto unawaamsha. Iko wapi?"

"Nimeitupa."

"Basi yule uliyemwamsha yumo kwenye hiyo picha, na kwa mtoto anaingia kidogokidogo. Kaioshe picha kama kombe linavyooshwa, maji yake uyamwage mtoni. Hesabu siku arobaini tangu ulipowasha moto. Zikitimia, mtoto si wako tena."

Akahesabu kwa vidole. Ilikuwa siku ya thelathini na nane.

Laurent alinyimwa ruhusa kazini, kwa hiyo Eliaichi aliendesha peke yake, na njia nzima mtoto kwenye kiti cha nyuma alikuwa akimsimulia, kwa sauti ya mtu mzima aliyechoka, habari za wanawake aliowahi kuwakalia, huyu alikuwa na shingo nzuri, yule alimlia mumewe mpaka akapofuka, na Eliaichi akawa anaongeza sauti ya redio na redio inazidi kufifia, mpaka walipoingia Buffalo machozi yalikuwa yameshamkauka usoni.

Kwenye ukumbi wa maonyesho alisema rangi ya picha yake inabanduka, anataka kuirekebisha. Wakamwachia chumba cha nyuma chenye sinki. Akaifungulia picha maji ya uvuguvugu, gundi ikalegea, na buluu yote ikaanza kushuka kwenye ndoo, na palipong'ang'ania akasugua kwa kidole kama alivyofundishwa, anasugua na kulia, anasugua na marashi yanamkaba koo, mpaka karatasi ikabaki nyeupe, na nyuma yake mtoto akasema kwa Kiingereza kwamba ana njaa.

Eliaichi akakaa chini sakafuni, akamkumbatia. Kisha wakaenda Mto Niagara, akamwaga ndoo yote, mpaka tone la mwisho.

Wakati wa kurudi, karibu na Columbus, aliona kucha zake. Alikuwa amenawa mara tano na bado ni za buluu, na zinanukia. Mama hakumwambia asitumie mkono; angejuaje kwamba kazi hii hufanywa kwa kidole?

Simu ikalia. "Mtoto vipi?" Laurent akauliza.

Alitaka kusema amepona, nisaidie mimi.

"Amelala salama, bwana wangu," kinywa chake kikajibu, kwa upole, kwa sauti ya Pangani, na mkono wake ukaikata simu.

Nyuma Clementina akaamka. Akamtazama kwenye kioo kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa Kiingereza, kwa adabu, kama anayemuuliza mgeni, mama yake yuko wapi.

Eliaichi alimsikia. Alikuwa palepale, anajitahidi kumjibu.