Wazee Wako Wanakuja Lini?

—Rudia, Nakiru. "Say" na "tell". Tofauti ni gani?

Simu ilikuwa imelazwa juu ya gunia, sauti imefunguliwa, maana mikono ya Nakiru ilikuwa imejaa samaki wakavu wa Kalokol. Jua la Lodwar halikuwa na huruma. Mbele yake alikaa mama wa mchumba wake Ekaale, aliyetoka kijijini Lopur asubuhi bila kumwambia mwanawe. Hata hawajamaliza kusalimiana, simu ikalia: Ekaale na somo lake la Kiingereza.

—Zote ni kusema, Nakiru alijibu kwa uchovu. Lakini "tell" lazima umtaje unayemwambia. "Tell me." "Say" inaweza kukaa bila mtu. "Say yes."

—Safi! Ukiendelea hivyo, wenzangu wa ofisi hapa Kakuma hawatapata la kucheka.

—Na wazee wako wanakuja lini kwetu?

—Wazee bado, mpenzi. Ukame umemaliza mbuzi. Vumilia kidogo.

Mama akainua kichwa, akamsalimu kwa Kiturukana.

—Ejok, Ekaale.

—Mama? Unafanya nini huko?

—Nimekuja kumbembeleza huyu msichana. Si ulituambia yeye ndiye hataki mahari mpaka amalize Kiingereza? Mbuzi gani wamekwisha? Wako pale wamenona! Baba yako anauliza kama nyumba yetu inanuka.

Nakiru akaweka samaki chini.

—Mimi, Ekaale? Mimi ndiye nilikataa?

—Nisikilize, Nakiru. Niliogopa. Hapa watu wamesoma, wewe umeishia darasa la nane. Wangekucheka.

—Wamewahi kunicheka?

—Hawakujui.

—Hata mmoja?

—Mjinga wewe! Mama alifoka. Mimi nilikulea kwa Kiingereza? Au hata mimi hawanijui huko?

Simu ikakatika. Punde ujumbe ukaingia: "Nisamehe mpenzi. Kesho nakuja na wazee, naapa."

—Ameandika nini?

—Anakuja kesho na wazee.

—Na wewe unasemaje, mwanangu?

Nakiru aliutazama ule ujumbe. Alikuwa ameungoja muda mrefu, na sasa ulifika yeye ameshachoka.

—Mama, huyu anamngoja mtu mwingine, si mimi wa darasa la nane. Acha amngoje.

Akaandika: "Usije." Akatuma, akaifunika simu.

Mama hakubisha. Aliinuka polepole, akalizunguka gunia, akakaa upande wa Nakiru.

—Sogea kidogo, alisema. Jua limenichoma. Mbuzi wa mahari watarudi malishoni, lakini mimi leo nalala kwako.