Dera la Kwenye Ndoo ya Unga

Kre, kre, kre. Gizani, kabla ya adhana ya alfajiri, sauti ilitoka ukutani kama ya panya anayetafuna ukili. Semeni aliisikiliza akiwa amelala chali. Lilikuwa kabati-fumaji, likifumua gauni alilovaa jana.

Kila nyumba katika jiji la Muheza ilikuwa na kabati la namna hiyo. Jioni unavua nguo, unaitia kinywani mwake. Vidole vyake vya chuma, vyembamba kuliko sindano ya kudarizi, huifumua mpaka irudi kuwa uzi mtupu. Uzi huo huogeshwa kwa mvuke mkali, hutiwa rangi nyingine na manukato mengine, kisha hufumwa upya. Kukipambazuka unakuta nguo ambayo haijapata kuvaliwa na mtu. Leo unanukia karafuu, kesho mlangilangi, keshokutwa kitu kisicho na jina. Watu walikuwa wamesahau kufua na kuanika, na kiraka wengi hawakuwahi kukiona. Hakukuwa na nguo kuukuu Muheza.

Isipokuwa ile aliyoivaa Semeni wakati huo, shuka ikiwa imevutwa hadi kidevuni.

Lilikuwa dera. Mama yake alimpa kule Korogwe, mimba ya Chiku ilipokuwa changa, nalo hata wakati huo halikuwa jipya. Maua yake yalikuwa yamebaki vivuli tu. Kwapani lilichanika, likashonwa, likachanika tena kandokando ya mshono. Lakini lilikuwa laini kama sikio la mbuzi, na mwili wa Semeni ukiingia mle ulitulia, ukawa kama mtu aliyefika kwao. Ubavuni pake Chiku, mwenye miaka mitano, alilala amekamata ncha ya mkono wa dera, mdomo wazi.

Kulipokucha Semeni alilivua, akalikunja, akalizamisha ndani ya ndoo ya unga iliyokwisha unga, akaweka mfuniko. Kisha akavaa alichofumiwa. Kilikuwa cha rangi ya chungwa, na kilimbana makwapani.

Hakuna sheria iliyokataza dera. Ilikuwa aibu tu, na aibu haihitaji askari. Mtu mwenye nguo isiyofumuliwa alihesabiwa mchafu, kama anayelala na takataka za jana. Na kwa Semeni ilizidi, maana yeye alikuwa mhandisi wa mvuke katika kiwanda kilichounda makabati hayo. Alisoma darasa la jioni miaka minne, akinyonyesha huku anakokotoa hesabu za joto, mpaka akapata cheti. Picha yake ilikuwa ukutani kwenye Jumba la Kuchagua, anatabasamu, na chini yake maneno: Kila Siku Mpya.

Ni Jumba hilo alilolichukia kuliko hospitali. Mwisho wa kila mwezi ilibidi uende ukachague mitindo ya mwezi unaofuata. Unasimama mbele ya kioo-mshauri, kinakupima, halafu kinaanza kukusemesha.

"Mabega yako yameshuka," kilimwambia safari hiyo. "Tukuinue kwa mikono ya puto?"

"Nipe chochote," alisema Semeni.

"Chochote si mtindo. Tafadhali chagua."

Nyuma yake wifi yake alicheka. Mwantumu, dada wa mumewe, alikuwa na mwanawe Shemdoe begani, na mtoto alikuwa analia kilio kile cha kukwaruza cha mtu aliyekwisha machozi.

"Wifi, kaka yangu alikuoa au alikuokota?" alisema Mwantumu. "Mhandisi mzima, mbele ya kioo unasimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Kiambie mikono ya puto. Ukipaa tutakushusha."

"Nipae niende wapi na mgongo huu?"

"Basi chukua samawati. Samawati inaficha uchovu. Mimi mwenyewe sasa nimekuwa samawati tupu."

Walicheka wote wawili, lakini Semeni aliona macho ya mwenzake. Yalikuwa mekundu pembeni, na yalikuwa yanaelea. Shemdoe alikuwa na miezi minane na hakulala. Si yeye peke yake. Katika foleni ile watoto wachanga walilia huku na huku, na mama zao waliyumba polepole, wakiwatikisa. Zahanati ziliita hali hiyo ukeshaji, na zilitoa vitulizi, vijisanduku vinavyovuma kama nyuki chini ya kitanda. Vitulizi vilivuma, watoto wakalia juu yake.

"Hebu niambie," alisema Mwantumu, sasa kwa sauti ya chini. "Chiku wako tangu mchanga analala kama gogo. Unampa nini? Usinifiche, mimi ni wifi yako."

Semeni aliona akilini ndoo ya unga. Aliona picha yake ukutani, ikitabasamu.

"Maziwa ya moto tu," alisema. "Na bahati."

Alijua. Hapo ndipo palipokuwa pabaya. Alikuwa amejua kwa muda, kama mtu anavyojua kuna uvimbe mwilini ila hataki kuugusa.

Mama yake, akienda shamba, alikuwa akivua kanga ya jana na kumfunika nayo mtoto anayebaki. Mtoto anaachiwa kanga ya mama, alale. Kila mwanamke wa Korogwe alifanya hivyo bila kuulizwa sababu. Darasa la jioni lilimpa Semeni sababu: mtoto mchanga humtambua mama kwa pua kabla ya macho. Lakini mtoto wa Muheza kila asubuhi alibebwa na harufu ngeni. Na zamani makabati yalikuwa yakibakiza kitu, harufu nyepesi ya ngozi iliyojificha ndani ya uzi. Wateja walilalamika. Mhandisi mmoja akapandisha joto la mvuke, akaifuta jana yote isibaki hata chembe. Wakubwa walimpigia makofi, wakampiga picha.

Alijaribu kusaidia bila kusema. Alasiri moja Mwantumu alimwachia mtoto aende kuoga kwa utulivu japo mara moja, na mlango ulipofungwa tu Semeni akalitoa dera, akamfunga nalo Shemdoe. Mtoto alinusa, akahema, akalala papo hapo kama taa iliyozimwa. Semeni alijiona mwerevu. Aliposikia hodi, alilirudisha dera ndooni.

"Amelala?" Mwantumu alisimama mlangoni, maji yakimdondoka nyweleni. "Wifi, amelala kweli?"

Alifurahi hivi kwamba Semeni akarudia siku nyingine, na nyingine. Hakufikiri. Dera lile lilinuka Semeni. Baada ya muda mfupi, Mwantumu alipomchukua mwanawe, Shemdoe alijinyonga mikononi mwake, akalia, akanyoosha mikono kwa mke wa mjomba wake. Mwantumu alicheka mara ya kwanza. Mara ya tatu hakucheka.

Kisha hakuja tena, mpaka Jumanne ile alipoingia bila hodi na kuketi kwenye mkeka. Chiku alikuwa anachora sakafuni. Shemdoe alikuwa mgongoni mwa mama yake, analia.

"Nimemwandikisha Nyumba ya Malezi," alisema Mwantumu. "Kule wana mashine za kubembeleza. Wanamchukua Ijumaa, mpaka atakapofika miaka mitatu."

"Mwantumu, unasema nini?"

"Mtoto hanitaki, wifi. Wengine hawalali, sawa, lakini wa kwangu ananikataa. Kwako analala. Kwangu ananisukuma kifua hivi, kwa mikono yote miwili." Alionyesha kwa mikono yake mwenyewe. "Nimewaambia majirani, nimechoka kuficha. Kuna wanawake hawakuumbiwa umama. Labda mimi ni mmoja wao."

Semeni aliinuka. Alikwenda jikoni akarudi na ndoo, akafunua, akatoa dera na kulitandaza magotini, upande uliochanika juu. Vumbi la unga lilimwangukia.

"Ni hili," alisema. "Nalala nalo. Halijaingia kabatini hata siku moja. Chiku analala kwa sababu ya hili, na Shemdoe nilimfunga nalo ulipokuwa hupo."

Mwantumu alilitazama, akaligusa kwa kidole kimoja, akakivuta. "Tambara?"

"Mtoto anakutafuta kwa harufu. Kabati linaifuta kila usiku. Anapokusukuma hakukatai, anasukuma manukato. Hajui kama ni wewe." Akapangusa unga magotini. "Na mvuke unaofuta ni wangu. Mimi ndiye niliyeupandisha."

Akadhani wifi yake atapiga kelele. Mwantumu akamtoa mtoto mgongoni, akampakata.

"Nilikuuliza pale Jumbani," alisema hatimaye. "Ukaniambia maziwa ya moto."

"Niliona haya."

"Ya nini?"

"Ya tambara."

"Wewe umeona haya ya nguo," alisema Mwantumu polepole, "mimi nikaona haya ya kuzaa." Akasimama. "Uongo ulinipa faraghani, na kweli nayo unanipa faraghani, jikoni kwako, na ndoo. Majirani wote wanajua mwanangu ananikataa. Alhamisi kuna mkutano wa wateja Jumbani. Ukisema pale mbele za watu, nitaamini, na Ijumaa simtoi mtoto. Usiposema, nitajua umenihurumia tu."

"Nifanye nini kwa sasa? Chukua hata hili dera..."

"Linanuka wewe," alisema Mwantumu, akatoka.

Alhamisi Semeni alisimama mbele ya kabati lake. Lilikuwa limemfumia gauni la samawati, lenye mikono ya puto. Alilishika muda mrefu. Angeweza kwenda nalo na kusema yote kwa maneno mazuri ya kitaalamu, nao wangemsikiliza mhandisi wao nadhifu, wakaitikia, wakasahau. Mtu wa gauni lile angewezaje kuwaambia kwamba jana ya mtu ina thamani?

Alivaa dera. Alimshika Chiku mkono, wakatoka kwenye jua.

Njiani watu walimpisha kama anayebeba maji machafu. Alihisi mshono wa kwapa ukiachia kila alipopiga hatua, na akajibana mkono ubavuni kuuficha. Kijana mmoja wa dukani alimwuliza mwenzake kama kuna mchezo wa kuigiza leo. Shingo ya Semeni iliwaka. Mara mbili alitaka kurudi. Mara zote mbili Chiku alikuwa anaruka mistari ya njia, hana habari.

Kwenye mlango wa Jumba, foleni ilikuwa ikiingia. Milango ya Muheza haikusoma nyuso. Ilisoma nyuzi, maana kila uzi wa kabati ulifumwa na jina la mwenyewe ndani yake. Mbele ya kila mtu mlango ulisema jina, ukafunguka. Mbele ya Semeni ulikaa kimya, kisha ukasema kwa upole, "Hapa hapana mtu. Tafadhali pisha."

Watu waligeuka. Bosi wake, Bwana Shekilindi, alikuwa karibu, na Semeni akamtazama akisubiri aseme neno. Yeye akatazama viatu vyake. Hatua chache nyuma alisimama Mwantumu na Shemdoe begani. Mtoto alikuwa analia. Mwantumu hakusogea, hakusaidia, alingoja tu.

Basi Semeni hakuusubiri mlango. Aliugeuzia mgongo, akasema palepale kizingitini. Sauti ilianza nyembamba. Aliwaambia kuhusu mvuke, joto alilolipandisha, na jinsi uzi unavyosahau. Aliwaambia watoto wao hawaugui, wanawatafuta. Akainua mkono, kwapa lililochanika likaonekana na kila mtu, akasema kwamba hili ndilo analolala nalo, kwamba wa kwake analala, na kwamba alipoulizwa na wifi yake alidanganya kwa sababu aliona haya.

"Wifi yangu yule pale," alisema. "Mwanawe hajamkataa. Nimemponza mimi. Nguo mliyovaa leo msiitie kabatini. Laleni nayo. Kesho ivaeni tena."

Vilio vya watoto viliendelea. Semeni aliona Mwantumu akiketi kwenye ngazi, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo kichwani, na akiuingiza uso wa mwanawe shingoni mwake, mahali pasipo na nguo.

Ndipo mama mmoja wa makamo, mwenye mjukuu mgongoni, akasema kwa ukali, "Mlango wenyewe haukutambui. Mhandisi tunamjua, picha yake hiyo hapo ukutani, msafi. Wewe wa matambara ni nani hata tuache nguo zetu kwa neno lako?"

Semeni aliigeukia picha yake. Watu wote walimtazama, na wengine wakatazama picha, na tena yeye.

Chiku aliacha kuchezea ncha ya dera. Alimtazama yule bibi, akasema kwa sauti ya kutosha foleni nzima:

"Huyu ni mama yangu."