Bado Limau Kidogo

"Dada, hayo majani unayapeleka wapi?"

Mshonaji wa mapazia aligeuka. Soko lilikuwa limefurika, watu wanapigana vikumbo, na aliyemuuliza alikuwa kaka mrefu mwenye ovaroli ya bluu iliyopauka magotini, bisibisi zimejipanga mfukoni. Mshonaji mwenyewe siku hiyo alikuwa amependeza: gauni la manjano alilojishonea, kiuno kimekaa sawasawa, ila futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni, kaisahau.

"Nayaweka kwenye chombo cha maua, dirishani dukani kwangu. Kuna ubaya?"

Kaka wa watu alicheka mpaka muuza mboga naye akacheka. "Chombo cha maua! Hiyo ni shibiti, dada. Inaliwa. Na umechukua fungu la mwisho."

"Basi nenda kale kabichi."

"Nikikufundisha kuila, utanigawia nusu?"

Mambo yalianzia hapo. Kaka alikuwa fundi friji, anaishi peke yake juu ya karakana yake, na jiko lake lilikuwa safi kuliko la mshonaji. Jumamosi iliyofuata alimwonyesha kazi yote. Mtindi mzito unafungwa kwenye kitambaa chepesi na kuning'inizwa kwenye bomba la sinki mpaka maji yaishe. Shibiti na mnanaa vinakatwakatwa kwa kisu kikali, maana mashine huyatia majani uchungu. Kitunguu saumu kibichi kinapondwa na chumvi. Limau linakuja mwisho, kisha mtu anachukua mkate wake na kuchovya.

Kitambaa cha fundi kilikuwa kimetoboka. Mshonaji alimletea kipande cha pazia jepesi, amekipinda kingo zote kwa uzi mweupe, na siku aliyokipokea fundi alikishika kama mtu aliyepewa mtoto.

Simu nazo zikaanza, kila mchana.

"Pazia wangu, umekula?"

"Nimekula, Baridi. Leo unagandisha nani?"

"Nimeganda mwenyewe. Njoo uniyeyushe."

"Mwongo mkubwa wewe!" Mshonaji alicheka peke yake juu ya cherehani mpaka mshono ukaenda upogo, akaufumua huku bado anacheka.

Baada ya muda fundi alimwachia kisu. Akawa anasimama pembeni, anaonja kwa ncha ya kijiko, anamtazama usoni. "Bado," anasema. "Bado limau kidogo." Jumamosi nyingine chumvi, nyingine mnanaa umezidi. Mshonaji alijitahidi. Hakumwambia kwamba kitunguu saumu kibichi humchoma tumbo tangu utotoni. Aling'ata pembe ya mkate, akashushia maji, akatabasamu. Alikuwa anampenda, na aliona tumbo ni kitu kidogo.

Hatimaye siku ikafika. Fundi alionja, akafumba macho, akamshika mkono na kuubusu. "Imefika, mpenzi wangu. Imefika kabisa!" Mshonaji alirudi kwake akijiona mke wa mtu.

Jumamosi iliyofuata dada wa fundi alikuja kumwona wifi mtarajiwa, kitambaa cha kijani kichwani, bangili zinalia kila akipunga mkono. Akachovya mkate kwenye bakuli aliloandaa mshonaji, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Kaka, si hii ndiyo ile ya wifi?"

"Kula, dada," fundi alisema haraka.

"Wifi yupi?" mshonaji aliuliza.

Bangili zilinyamaza. "Yule wa kwanza. Aliyemwacha. Alikuwa akionja kwa ncha ya kijiko na kusema bado limau kidogo... Jamani, wifi yangu, nilidhani unajua."

Mshonaji alichukua mkoba wake, akateremka ngazi. Fundi alipiga simu asipokelewe, akapiga tena na tena, mpaka siku moja akapokelewa.

"Pazia, ni chakula tu."

"Ulinifundisha kupika kama yeye."

"Nilipenda chakula. Yeye alishaondoka, mimi nakutaka wewe. Nipe nafasi nije nikuonyeshe."

Mshonaji aliweka mkasi chini. Alikuwa amemkumbuka vibaya sana. "Njoo," alisema.

Alikuja dukani amevaa shati jeupe lililonyooshwa, bakuli mkono mmoja, kijisanduku cha pete mkono wa pili. Mshonaji alipokiona kijisanduku aliacha cherehani, akasimama. Alikuwa tayari kusema ndiyo, na alitaka kusema ndiyo.

"Nimekutengenezea mwenyewe," fundi alisema, "unavyopenda."

Alifunua bakuli. Harufu ya kitunguu saumu ikajaa duka zima.

"Ninavyopenda mimi?"

"Ndiyo, mpenzi. Si ndiyo yetu?"

"Baridi, umewahi kuniona nikimaliza kipande kimoja cha mkate?"

Fundi alitazama bakuli. Mshonaji alimwona akitafuta kichwani, Jumamosi moja baada ya nyingine, na alimsubiri kwa moyo wote apate japo moja. Hakupata.

"Kitunguu saumu kinanichoma tumbo."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia saa ngapi? Kila nikikupa kijiko ulikuwa unanitazama usoni kama unasubiri mtu mwingine atokee."

Fundi aliinama. Angeweza kukana, na huenda mshonaji angemwamini, lakini hakukana. Alirudisha kijisanduku mfukoni. "Nikuletee kitambaa chako?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kaa nacho. Utakihitaji."

Alipoondoka, mshonaji alilia waziwazi, na mteja aliyekuja kuchukua mapazia alirudi nyuma akafunga mlango taratibu.

Jumamosi, mchana kweupe, alisimama jikoni kwake mwenyewe. Alikata kipande kipya cha pazia, akachuja mtindi, akakatakata mnanaa na shibiti. Kitunguu saumu hakukigusa. Hii ilikuwa yake, ya tumbo lake, na hakuna aliyekuwa amesimama pembeni. Alichota kwa ncha ya kijiko, akaonja.

"Bado," alisema kwa sauti, na mkono ulikuwa umeshashika limau.