Moshi Mweusi wa Gari la Joash

Pu! Pu-pu! Paa!

Mlio ulitoka upande wa reli. Kuku wa mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, walitawanyika. Nasimiyu hakupoteza wakati kutazama. Alikimbilia kamba ya nguo.

"Namalwa! Toa mashuka! Baba yako amevuka reli!"

Mama na binti walizoa nguo kama watu wanaokimbia mvua. Moshi ulitangulia kufika, mweusi na mzito. Nyuma ya moshi lilikuja gari, pikapu kuukuu iliyojaa magunia ya viazi kutoka Dundori. Ndani yake alikaa Joash, mume wa Nasimiyu, akitabasamu kama gavana.

"Hamjambo nyumbani?" alisema.

"Hatujambo, ila tumekuwa weusi zaidi," alijibu Nasimiyu.

Namalwa hakucheka. Alikuwa na shela yake ya harusi mkononi. Mama yake alikuwa ameifua asubuhi hiyo. Sasa katikati yake palikuwa na doa jeusi, kubwa kama punje ya mahindi.

"Baba, tazama. Leo ni Alhamisi. Jumamosi ninaolewa. Nikipanda gari hili, nitafika kanisani kama mpakia makaa."

"Mimi nilipakia makaa ya treni miaka kumi na miwili," alisema Joash. "Makaa hayo ndiyo yaliyokulisha. Na treni inatoa moshi kila siku. Umesikia nani akiicheka? Moshi ni nguvu!"

"Treni haiendi harusini, baba."

Joash alipangusa vumbi kwenye usukani. Neno hilo lilimchoma. Alikuwa amenunua gari hilo kwa jasho lake. Tangu siku ile alikuwa na shauku moja tu: kumpeleka mwanawe wa pekee kanisani kwa mikono yake mwenyewe. Baba yake Joash alikuwa amewasindikiza binti zake kwa miguu. Yeye alitaka kuendesha.

Jioni hiyo alikuja mgeni kutoka Naivasha, alikoishi bwana harusi. Aliitwa Nicodemus, naye alikuwa mjomba wa bwana harusi. Alivaa kofia nzuri na viatu vinavyong'aa. Alizunguka lile gari mara moja, akakohoa mara tatu.

"Mkwe," alisema, "sisi tuliomba mke. Hatukuomba nyama iliyokaushwa kwa moshi."

Majirani waliosikia waliangua kicheko. Joash alikunja uso.

"Kesho jioni nitapita tena," aliendelea Nicodemus. "Moshi huu ukiwa bado upo, Namalwa ataletwa kwa gari la rafiki yangu. Wewe mzee utakaa nyuma, ustarehe."

"Nikae nyuma? Katika harusi ya binti yangu?"

"Nyuma kuna mto laini, mkwe."

Joash hakulala vizuri. Kulipopambazuka alijaribu dawa zake mwenyewe. Alibadilisha oili ya injini, lakini moshi haukupungua. Akavuta choki, yaani kile kidude ambacho dereva huvuta asubuhi gari likiwa baridi. Moshi ukazidi, na injini ikazimika kwa mlio mkubwa. Mbuzi wa jirani alikata kamba akatoweka.

"Baba Namalwa," alisema Nasimiyu, "umekuwa daktari wa kutosha. Mwite Kiprugut."

Kiprugut alikuwa fundi. Alikuwa ametengeneza matrekta ya mashamba ya walowezi kwa miaka mingi, na sasa alifanya kazi katika gereji moja mjini. Alipofika saa sita, hakuchukua spana. Alikaa juu ya debe, akaomba chai, akaanza kuuliza.

"Moshi ni wa rangi gani?"

"Ni moshi tu," alisema Joash. "Moshi una rangi?"

"Una rangi, bwana, na kila rangi ina habari yake." Kiprugut aliweka kikombe chini, akaimba polepole:

"Mweupe, hayo ni maji,
Buluu, oili hiyo,
Mweusi, petroli nyingi,
Hewa imezibwa hapo."

"Wako ni mweusi," alisema. "Basi wewe ulikuwa unabadilisha oili bure. Sasa niambie, gari linakunywa petroli kiasi gani?"

"Linakunywa kama mlevi! Zamani debe moja lilinitosha safari tatu za Dundori. Siku hizi halimalizi mbili."

"Na moshi unazidi wapi? Huku mjini au kule juu?"

"Kule juu. Nikipanda Dundori, nyuma yangu hakuna anayeona njia."

Kiprugut aliitikia kwa kichwa, akaridhika. "Sikiliza. Injini inakula vitu viwili pamoja, petroli na hewa. Ni kama kuwasha jiko. Ukijaza kuni na kufunga mlango wa jiko, unapata nini?"

"Moshi na machozi," alijibu Nasimiyu upesi.

"Mama ameelewa kabla ya dereva! Petroli ikizidi hewa, haiwezi kuungua yote. Inayobaki inatoka kwa ekzosi, lile bomba la nyuma, nyeusi. Na kule Dundori hewa ni nyepesi kuliko huku, kwa hiyo ugonjwa unaonekana zaidi. Sasa tutafute. Ama petroli inaingia kupita kiasi, ama hewa inazuiwa."

Akafungua plagi moja, kile kifaa cha kutoa cheche. Ilikuwa nyeusi tii. Alipoipitishia kidole, masizi makavu yalibaki kidoleni.

"Plagi isiyo na ugonjwa ina rangi ya chai ya maziwa," alisema. "Hii ni kama chini ya sufuria."

Kisha akaisukuma choki ndani, akachungulia kabureta, pale ambapo petroli na hewa huchanganyika. Kile kifuniko kidogo cha choki kilifunguka chote. "Choki ni nzima. Lakini wewe unaivuta njia nzima, sivyo?"

"Gari likikohoa naivuta, kulisaidia."

"Choki inapunguza hewa, bwana! Vuta asubuhi tu. Injini ikipata joto, irudishe. Wewe ulikuwa unamkaba koo mtu anayekohoa."

Nasimiyu alicheka mpaka akashika ukuta. Kiprugut aliendelea. Alitazama kama petroli inavuja nje ya kabureta. Haikuvuja. Akafungua bakuli lake dogo, akatoa kile kiboya kinachoelea ndani, akakitikisa karibu na sikio.

"Kingekuwa kimetoboka, ningesikia petroli ndani yake. Kingezama, na petroli ingefurika. Lakini kiko sawa." Akakirudisha. "Basi petroli haina kosa. Tuangalie hewa inaingilia wapi."

Hapo Joash akaanza kukuna shingo.

"Fundi, chai yako inapoa."

"Itangoja."

"Huko hakuna kitu, fundi. Huko nimeshatengeneza mwenyewe."

Kiprugut aliinama ndani ya boneti. Hapo juu ya kabureta hukaa chujio la hewa, kopo lenye wavu wa kuzuia vumbi. Lakini kopo halikuonekana. Mahali pake palikuwa na furushi nene, limefungwa kwa kamba ya katani mizunguko mitano.

"Hiki ni nini?"

Joash alitazama milimani. "Dundori ni baridi sana asubuhi," alisema kwa sauti ndogo. "Na vumbi la Nakuru mnalijua. Gari lilianza kukohoa. Nikaogopa litashikwa na kichomi."

"Kwa hiyo?"

"Nikalifunika kifua."

Kiprugut alikata kamba. Furushi likafunguka. Lilikuwa blanketi dogo la mtoto, la rangi ya waridi zamani, sasa jeusi.

Nasimiyu alipiga kelele. "Blanketi la Namalwa! Nililomfungia alipozaliwa! Baba Namalwa, mimi nimegombana na jirani yetu Mama Akoth miezi mitatu kwa ajili ya blanketi hili! Nimemwita mwizi!"

"Lilimponya Namalwa kikohozi," alijitetea Joash. "Nilidhani..."

"Namalwa ana pua zake! Hili gari ulilifunga pua!"

Kiprugut alikuwa ameketi chini, anacheka kimya, mabega yanatikisika. Alipopata pumzi alisema, "Usimlaumu sana, mama. Anaogopa vumbi, na ana haki. Vumbi linakula injini. Lakini chujio limewekwa kwa kazi hiyo. Tulisafishe, tusilivalishe nguo."

Alimwonyesha Joash jinsi ya kufanya. Walifungua kopo lililokuwa chini ya blanketi, wakatoa wavu, wakauosha kwa mafuta ya taa mpaka matope yakaisha. Wakauacha ukauke. Kisha wakauchovya kidogo katika oili safi na kuutundika ili oili iliyozidi idondoke. Vumbi hunaswa na oili hiyo, hewa hupita. "Katika vumbi hili la kwetu, fanya hivi kila mwezi," alisema fundi. Mwishowe wakasugua masizi kwenye plagi, wakafunga kila kitu.

Joash aliwasha gari. Mwanzo lilitoa pumzi chache nyeusi, masizi ya zamani. Baadaye likatulia, likanguruma sawasawa kama mashine ya kusaga. Nasimiyu alibana blanketi kwapani, akaenda moja kwa moja kwa Mama Akoth kuomba msamaha. Hiyo ilichukua muda mrefu kuliko matengenezo.

Nicodemus alifika jioni na kofia yake. Joash alipoliwasha gari, mgeni hakuamini macho yake. Alitoa leso nyeupe mfukoni, akachuchumaa nyuma ya gari na kuishika mbele ya ekzosi.

"Kanyaga mafuta, mkwe!"

Joash alikanyaga. Upepo wa ekzosi ulipeperusha kofia ya Nicodemus mpaka mtaroni. Lakini leso ilibaki nyeupe. Nicodemus aliigeuza huku na huku, akainuka, akajifuta nayo jasho.

"Basi," alisema. "Nitakaa nyuma mimi."

Jumamosi asubuhi Joash alivuta choki, injini ikawaka. Alingoja ipate joto, akairudisha. Akamfungulia Namalwa mlango. Waliteremka barabara ya kanisa polepole, magurudumu yakiinua vumbi, na juu ya vumbi hapakuwa na moshi.

Mbele ya kanisa Joash alizima injini. Watu walikuwa wakiimba nje. Namalwa hakushuka. Aliushika mkono wa baba yake.

"Naivasha ni mbali, baba."

"Si mbali. Nimeshapiga hesabu ya petroli."

"Na nikikuhitaji?"

Joash aliirekebisha ile shela, iliyofuliwa upya, juu ya kichwa cha binti yake.

"Namalwa, nakuahidi mbele ya kanisa hili," alisema. "Siku utakayoniita, iwe kwa kicheko au kwa machozi, sitatuma mtu. Nitakuja mimi mwenyewe, siku hiyo hiyo."