Diski ya Marehemu Pi-hsia

Kompyuta ile ilikuwa imezimwa, na waya wake wa umeme ulikuwa umeviringishwa juu ya kabati, lakini feni yake ilikuwa inazunguka.

Tseng Hsiu-luan alidhani ni upepo. Mlango wa duka lake ulikuwa wazi, na siku za mvua upepo wa bandari ya Keelung hupanda ngazi hadi ghorofa ya pili kama mpangaji. Aliweka kiganja kwenye matundu ya nyuma. Hewa iliyotoka ilikuwa vuguvugu, na ilinuka dawa ya kuchua, ile ya kafuri wanayopakwa wazee wasioweza kujigeuza kitandani. Aliuondoa mkono, akaufuta kwenye aproni, akaendelea na kazi nyingine. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, na ishirini kati ya hiyo alikuwa ameimaliza akifufua kompyuta kuukuu na kuziuza. Feni haikuwa kitu cha kumtisha.

Kompyuta hiyo aliletewa jana yake na Bwana Lien Chun-te, mfamasia mwenye duka la dawa mtaa wa nyuma. Aliibeba mwenyewe, ndani ya mfuko mweusi wa taka.

"Ilikuwa ya dada yangu mkubwa, Pi-hsia," alisema. "Amefariki mwezi uliopita. Nataka ifutwe."

"Pole sana, Bwana Lien. Kuna picha ungependa nikuwekee kwanza?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe nilishafuta, halafu mtu akaniambia vilivyofutwa hivi hivi vinaweza kurudishwa. Ni kweli?"

"Ni kweli. Ukifuta wewe, mashine inaondoa jina tu kwenye orodha yake. Maandishi yenyewe yamekaa palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mimi naandika sifuri juu ya diski nzima, mwanzo hadi mwisho. Hapo hapatikani kitu tena."

"Isibaki hata herufi," alisema, akaondoka bila kufungua mwavuli.

Ili kuipima diski kama bado ni nzima, Hsiu-luan aliirudisha kwanza orodha iliyofutwa. Yalitokea mafaili elfu tatu na mia mbili hivi, kila moja limepewa tarehe kuwa jina lake, siku baada ya siku kwa karibu miaka tisa. Hakuwa na tabia ya kusoma vitu vya wateja. Lakini moja lilifunguka chini ya kidole chake, na macho hayana breki.

*Leo mama amekunywa uji nusu bakuli. Nimemgeuza mara sita. Kidonda cha mgongoni kimeanza kufunga. Chun-te hakuja.*

Alilifunga haraka, akaanzisha kazi. Ilichukua saa sita.

Kwa hiyo siku ya pili, feni ilipokwisha kumshangaza, aliiwasha mashine ahakikishe. Diski ilikuwa tupu, isipokuwa faili moja. Jina lake lilikuwa tarehe ya siku hiyo.

*Leo mvua. Nimetafuta kitanda cha mama, sikukiona. Hapa ni peupe pote.*

Hsiu-luan alikwenda kumwita Mzee Tsai, muuza nyaya wa duka la mkabala, mtu wa utani asubuhi hadi jioni.

"Ulisahau kubonyeza, Dada Luan," alisema Tsai. "Umri huo."

"Umri ninao. Lakini si mimi niliyetafuta miwani wiki nzima nikiwa nimeivaa."

"Haya, futa tena, mimi nikae hapa nikusimamie kama mwalimu."

Wakafuta tena. Hsiu-luan alikula tambi za samaki mezani, Tsai akaenda na kurudi kati ya maduka mawili. Kazi ilipoisha, faili lilikuwapo. Walilisoma pamoja, vichwa vimekaribiana.

*Leo nimekaa dukani. Fundi amekula tambi, supu ameiacha. Mzee wa nyaya amekula chungwa, maganda ameyatia mfukoni. Hakuna aliyenikaribisha.*

Tsai aliingiza mkono mfukoni, akauacha humohumo. Hakusema utani wowote tena siku ile.

"Nani alikuwa hapa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi na wewe."

"Basi usiifute hiyo. Itoboe."

Waliing'oa diski, wakaibana kwenye jiliwa, na Tsai akaitoboa kwa drili. Tundu la kwanza lilitoa chembe za chuma. La pili vilevile. La tatu lilipopenya na drili ikazimwa, kilisikika kitu kama mtu mnene anayeketi baada ya kusimama muda mrefu, pumzi moja ndefu, na harufu ya kafuri ikajaa duka zima, kisha ikatoka mlangoni.

Siku nne zikapita kimya.

Siku ya tano alikuja mwalimu Pan, aliyenunua kompyuta hapo mwezi uliotangulia. Alisimama mlangoni akishika mkoba wa kompyuta hiyo kifuani.

"Fundi, ulipoiuza hii, uliisafisha?"

"Niliisafisha. Kwa nini?"

"Kuna mtu anaandika humo. Anaandika tunachokula." Aliteremsha sauti. "Jana ameandika kwamba mwanangu amekataa karoti. Tulikuwa wawili tu mezani. Mwisho ameandika, *hapa si pangu*."

Baada yake alikuja msusi wa barabara ya stesheni, kisha mzee wa duka la maandazi ya mvuke. Hadi mwisho wa juma walikuwa saba, wote wateja wa Hsiu-luan, wote na faili moja la tarehe ya siku, na chini kabisa maneno yaleyale matatu. Hsiu-luan aliwaomba radhi, akawaahidi atarekebisha, asijue atarekebisha nini. Alianza kula amesimama, haraka, ameipa meza mgongo. Simu yake nayo ikaandika: *Leo fundi amekula nusu. Amekonda.*

Kisha ikaja Jumatano, saa tisa mchana, mvua ikipiga bati la kibaraza, taa zote zimewashwa. Ukutani kulikuwa na rafu tatu za kibodi kuukuu, arobaini na kitu, zimesimamishwa kwa safu kama vitabu, hakuna hata moja iliyounganishwa na chochote. Hsiu-luan alisikia kitufe kimoja kikibonyea, akageuka, akaona hakuna kitu, akarudi kwenye kazi yake, kikabonyea kingine, halafu viwili, halafu rafu ya juu yote ikaanza kulia kwa mwendo wa mtu aliyezoea kuchapa akiwa amechoka, na rafu ya kati ikadakia, na ya chini, na vitufe vilikuwa vinazama na kuinuka mbele ya macho yake bila vidole, vikisimama kwa pamoja mahali ambapo mtu angevuta pumzi na kuanza tena kwa pamoja, na ile harufu ya kafuri ikaja nyuma ya kiti chake, karibu, ikaja na joto, joto la mwili ulioinama kukuangalia umelala vizuri au hapana, na kitu kikamgusa mgongoni kwa upole sana, pale kidonda kinapotokea kwa wagonjwa, kikabonyeza kidogo kama kinachotaka kumgeuza.

Hakupiga kelele. Aliinuka, akavuka ukumbi, akaketi kwenye kigoda cha Mzee Tsai.

"Kamwite Mama Kuan," alimwambia.

Mama Kuan alikuwa mshonaji wa makoti ya mvua, na pia mlinzi wa hekalu dogo mlimani, ambako huwekwa majina ya wanawake waliokufa bila kuolewa. Alikuja na koti lake linachuruzika maji, akachoma ubani mmoja, akapiga magoti kati ya kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Mkononi alikuwa na vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga.

"Ukikubali, kimoja kilale chali, kingine kifudifudi," aliiambia hewa, kama mtu anayeongea na jirani. "Ukikataa, vyote vilale kifudifudi. Wewe ni Lien Pi-hsia?"

Akavirusha. Ndiyo.

"Uliolewa, mama?"

Hapana.

"Jina lako limeandikwa mahali?"

Hapana. Vile vipande vilianguka sakafuni kwa kishindo kikubwa kuliko uzito wake.

Mama Kuan aliviokota. "Unajua ilivyo, Luan. Binti asiyeolewa haandikwi kwenye madhabahu ya baba yake. Huyu hakuwa na pa kukaa ila kwenye hiyo diski. Ndiyo ilikuwa nyumba yake. Nawe ukaisafisha."

"Sikujua."

"Hata yeye anajua hukujua. Ndiyo maana amekugusa kwa upole. Twende kwa kaka yake."

Duka la dawa la Bwana Lien lilikuwa na wateja watatu. Alipomwona Mama Kuan alielewa, akawavuta pembeni, nyuma ya rafu ya maziwa ya watoto.

"Msinifanyie haya hapa," alinong'ona.

"Tunaomba jina lake liandikwe," alisema Mama Kuan. "Majivu yake yako wapi?"

"Stoo ya manispaa. Kwa muda. Yana namba."

"Namba," alisema Hsiu-luan. "Mtu aliyemtunza mama yenu miaka tisa."

"Desturi sikuitunga mimi."

"Na kufuta?"

Nyuma ya kaunta, mashine ndogo ya lebo, ile inayochapa *kidonge kimoja mara tatu kwa siku*, ilianza kufanya kazi. Ilitoa lebo moja. Bwana Lien alikwenda kuitazama, akaibana kiganjani. Ikatoa nyingine. Alivuta waya ukutani. Mashine ikaendelea, ikaongeza kasi, lebo zikawa zinatoka zimeungana kama utepe, zikamwagika kwenye kaunta, zikaanguka, zikamnasa miguuni na mikononi kila alipojaribu kuzichana, kila moja ina tarehe yake na maneno mawili tu, na hakuna tarehe iliyorukwa, masika na kiangazi, sikukuu na siku za kazi, siku mama alipoanguka na siku mama alipoacha kuongea, hadi mteja mmoja, bibi kizee aliyekuja kuchukua dawa ya presha, akaokota kipande sakafuni, akakisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti.

"*Chun-te hakuja.*" Akaokota kingine. "*Chun-te hakuja.* Chun-te ndiye nani?"

Bwana Lien alipiga magoti katikati ya karatasi zile.

"Ni hatua mia nne kutoka hapa hadi pale nyumbani," alisema, na hakuwa akimwambia yeyote kati yao. "Nilikuwa nakuja. Nafika mlangoni, namsikia mama analia anageuzwa, narudi. Kila siku nilisema kesho." Alifunika uso. "Dada, rudi nyumbani. Nitakuandika kando ya mama. Watu waseme wanavyotaka."

Mama Kuan alimpa vile vipande. Alivirusha kwa mikono yote miwili.

Hapana.

Akarusha tena. Hapana. Mara ya tatu alivishikilia muda mrefu kifuani kabla ya kuviachia, na vikalala vyote kifudifudi, vikatulia.

"Hataki nyumba ile," alisema Mama Kuan taratibu. "Amekaa humo vya kutosha. Pi-hsia, unataka kuja kwetu juu, kwa wanawake wenzako?"

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Mashine ya lebo ikanyamaza.

"Nani akupeleke? Huyu?"

Ndiyo.

Walikwenda siku ileile, mvua haijakoma. Bwana Lien alikibeba chombo cha majivu kifuani ngazi zote za mlima, akakataa kupokewa. Hekaluni Mama Kuan aliandika jina kwa rangi ya dhahabu kwenye kibao chekundu, *Lien Pi-hsia*, akakiweka kwenye safu pamoja na vingine, na kaka mtu akaita "dada" mara tatu, akalia kama mtoto, mpaka ubani ulipoisha. Ile harufu ya kafuri ilisimama kidogo kwenye kizingiti, ikaingia ndani, haikutoka.

Wakiwa wanashuka, simu ya Hsiu-luan iliita. Alikuwa mwalimu Pan: faili halipo tena, na hata msusi amesema lake halipo. Hsiu-luan alishukuru, akairudisha simu mfukoni. Mama Kuan alikuwa ametangulia mbele na mwavuli.

Bwana Lien alikuwa anatembea kwa wepesi, uso umekunjuka, kama mtu aliyelala vizuri. Kwenye kiwiko chake ilibaki lebo moja imenata. Aliibandua, akaigeuza huku na huku. Ilikuwa nyeupe tupu. Akaiachia iende na maji ya ngazi, kisha akasimama.

"Dada Luan, samahani," alisema. "Nimekuwa nikijaribu kukumbuka tangu ngazi ya juu. Huku tumekuja kumleta nani?"

Hsiu-luan alidhani ni uchovu. Alimtazama machoni, hakuona uchovu humo; mlikuwa tupu, kama diski iliyofutwa mwanzo hadi mwisho.

"Pi-hsia," alisema. "Lien Pi-hsia."

Bwana Lien alilirudia jina hilo polepole, mara mbili, kwa heshima, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni. Halafu akamshika Hsiu-luan mkono kwa huruma ya kweli.

"Pole sana," alisema. "Alikuwa ndugu yako?"