Jicho Jeupe Pichani

"Hakuna picha inayonishinda!" mpiga picha alijigamba mbele ya wateja. "Niletee uso wa chunusi, nikurudishie bi harusi."

Na kweli, kompyuta yake ilifuta mengi: makovu, mikunjo, hata shemeji asiyetakiwa kwenye picha ya harusi.

Siku moja alimpiga picha binti yake mdogo, waliyemwita Chiriku kwa kupenda kuongea. Jicho moja lilitoka jekundu, kawaida ya flashi. Lingine liling'aa jeupe, kama jicho la paka gizani. Akalipaka weusi. Picha iliyofuata, vilevile. Akalipaka tena.

"Baba Chiriku," mkewe alisema, "mbona mtoto anajigonga mlangoni, upande uleule kila mara?"

"Anakimbia ovyo. Kamrithi mama yake."

"Na jicho lake naona linakwenda pembeni."

"Acha kutafuta kasoro, mama. Mtoto wangu mzuri, iulize hata kamera."

Kesho yake aliingia jirani yao, muuguzi wa kliniki ya macho. Alitaka picha ya kitambulisho. Akamkuta mpiga picha anapaka jicho la Chiriku kwenye kompyuta.

"Hebu subiri! Usifute."

"Ni flashi tu, dada."

"Flashi gani hii inachagua jicho moja? Nionyeshe nyingine."

Mpiga picha akafungua picha za zamani, ambazo hakuwa amezigusa. Weupe ulikuwemo. Jicho lilelile.

"Kaka, nisikilize," muuguzi alisema taratibu. "Weupe huu una sababu nyingi. Mojawapo ni saratani ya jicho. Ni nadra, lakini hushika watoto wadogo, jicho moja au yote mawili. Daktari wa macho ndiye atakayejua."

"Basi, kazi zikipungua nitampeleka."

"Ukichelewa inaweza kufika ubongoni. Hapo hatuzungumzii jicho tena, tunazungumzia uhai. Mpeleke leo!"

Mpiga picha akafunga studio. Wateja wakabaki wameduwaa mlangoni.

Hospitalini, daktari alimtia Chiriku matone ya kupanua mboni. Akachungulia. Akachungulia tena. Mama alimshika mumewe mkono mpaka kucha zikamwingia.

"Ni saratani," daktari akasema. "Jicho hili halioni tena. Tukiliondoa sasa, ana nafasi nzuri sana ya kupona. La pili ni zima, ila tutalichunguza mara kwa mara."

"Tumemkosea nini mtoto wetu?" mama akauliza.

"Hamjamkosea. Hajalogwa, wala si chakula. Na mkijaliwa mwingine, mleteni mapema apimwe, maana wakati mwingine hurithiwa."

Daktari akawawekea fomu ya kukubali upasuaji na kalamu. Mpiga picha akaisukuma kalamu. "Sisaini! Binti yangu akae bila jicho?"

"Unataka jicho," mkewe akamuuliza, "au unamtaka Chiriku?"

Akaivuta kalamu. Akasaini.

Leo Chiriku amepona. Ana jicho la bandia, na mdomo wake haujapumzika. Picha yake yenye weupe inaning'inia studio, haijaguswa. Chini yake imeandikwa: "Ukiona hivi kwa mtoto, mpeleke kwa daktari wa macho leo."

"Niliugundua mara moja!" mpiga picha alikuwa akimwambia mama mmoja aliyempakata mwanawe. "Jicho langu halidanganywi, mama."

Pazia la chumba cha kubadilishia nguo likafunguka. Muuguzi akatoa kichwa, kitana bado kimo nyweleni.

"Mara moja, kaka? Na yule uliyekuwa unampaka jicho weusi nilipoingia, alikuwa mtoto wa nani?"